S Iliyonipeleka Rodo

Tiketi yangu ilikuwa na herufi tatu tu: ΚΩΣ. Ilikuwa Mei 2009, nina miezi minne Ugiriki, na alfabeti yao nilikuwa nimeshaizoea kwenye mabango ya Athens. Nilijua ya kwanza ni K, ya katikati ni O, na ile ya mwisho iliyokaa kama E iliyovunjika mgongo ni S. Kos. Ndugu mmoja wa Temeke niliyekuwa nimepanga naye chumba Kypseli, mtaa wenye Waafrika wengi, alinitafutia kazi ya kuosha vyombo kwenye hoteli ya kisiwa hicho kwa msimu wa kiangazi. Maelekezo yalikuwa mepesi: panda meli ya usiku bandari ya Piraeus, teremka Kos kabla hakujakucha, kuna mtu atakusubiri gatini.

Nililala sitahani, kichwa juu ya begi, jaketi juu ya kichwa. Saa tisa hivi usiku kipaza sauti kikakohoa, mwanamke akaanza kumwaga Kigiriki kwa kasi ya mnadi. Katika maneno yote nilidaka mawili ya mwisho: *yia Ko*. "Yia" nilikuwa nalijua, ni "kuelekea". "Ko" sikuijua. Akarudia kwa Kiingereza, lakini spika ilikuwa na mafua na upepo ulikuwa umechachamaa. Nikasikia mlango wa nyuma wa meli ukishushwa kwa minyororo, malori yakiunguruma kutoka, watu wakiburuta mabegi. Nikajisemea, haya, wale wa Ko wamefika kwao, heri yao. Nikajigeuza upande wa pili.

Jua lilipochomoza nilikuta abiria wote waliobaki wamepanga foleni kwenye ngazi. Nikamshika kijana mmoja bega. "Kos?" Akaniangalia kama mtu anavyomwangalia mfiwa. "Rodos," akasema.

Nilipompigia mama simu kutoka gati la Rodos, kisiwa kilicho mbele ya Kos, nilitegemea pole. Mama alicheka mpaka nikasikia akiweka simu chini na kuiokota tena. Yeye ni mzee wa kanisa, Biblia iko mkononi kabla ya miwani. Akaniambia nifungue Matendo ya Mitume, sura ya 21, mstari wa kwanza: Paulo na wenzake walitweka matanga wakafika Kosi, na siku ya pili yake wakafika Rodo. "Mwanangu umepita njia ya Mtume hatua kwa hatua," akasema, "tofauti yako na yeye, wewe umelala tu, hukumhubiria mtu."

Nilinunua tiketi nyingine kwa pesa ya kula. Njia nzima ya kurudi nyuma nilikuwa nawaza jambo moja: ile S ilikwenda wapi?

Jibu nililipata jikoni, na nililipata kwa kupitia jina langu mwenyewe. Naitwa Marko. Siku ya kwanza mpishi mkuu, mama mmoja mnene wa pale pale kisiwani ambaye wote tulimwita kiria kwa heshima, alinipa aproni na kunionyesha sinki. Kila alipotaka kitu alipiga kelele, "Marko!" Hapo hakuna shida. Lakini akigeuka kuzungumza na wahudumu, nasikia habari za mtu mwingine anayeitwa Markos. Markos ataosha. Markos atabeba magunia ya viazi. Markos yuko wapi? Na kwenye ndoano ya aproni kulikuwa na karatasi inayosema kitu hiki ni cha Markou. Wiki nzima niliamini jikoni tuko watatu: mimi Marko, kuna mvivu anaitwa Markos ambaye kazi zake zote naishia kuzifanya mimi, na kuna Markou ambaye aproni yake nimepewa bila yeye kujua. Siku nilipouliza kwa Kigiriki changu cha kuokoteza, "Huyu Markos anakuja lini?", kiria aliweka mwiko chini akakaa kabisa juu ya ndoo ya mafuta, akicheka huku anajifuta macho kwa kitambaa cha mikate.

Kumbe wote watatu nilikuwa mimi. Kwa Kigiriki jina la mtu lina mwisho unaobadilika kufuatana na kazi linayofanya kwenye sentensi. Ukiwa wewe ndiye mtendaji, ni *o Markos*, pamoja na S yako. Ukitendwa, ukitumwa, ukitafutwa, ni *ton Marko*, S imedondoka. Kitu kikiwa chako, ni *tou Markou*. Na mtu akikuita kwa sauti, ni Marko tu. Kiria akanigonga kidole kifuani: "Na kisiwa hivyo hivyo, *pedi mu*." Mwanangu. Kisiwa kikiwa ndicho kinachosemwa, *i Kos* ni nzuri, *i Kos* ina joto. Lakini ukienda huko, ni *stin Ko*. Ukitoka huko, *apo tin Ko*. Watu wa huko, mvinyo wa huko, bandari ya huko, ni *tis Ko*. Maana yake S ya Kos huonekana kisiwa kikiwa kimekaa kitako tu. Mtu akikielekea, akikiacha au akikimiliki, S haipo. Na mimi nilikuwa melini, mahali ambapo kila sentensi inahusu kwenda na kutoka, nasubiri S!

Baada ya hapo niliisoma Biblia ya mama kwa jicho jingine. Watafsiri wetu waliikata ile S karibu kila mahali. Petros akawa Petro, Paulos akawa Paulo, Markos akawa Marko, Tito hivyo hivyo, hata Kristo. Miji na visiwa pia: Efeso, Korintho, Tarso, Kipro, Samo, Kio, Patmo, Rodo. Kwa hiyo jina nililobatizwa nalo ni lile la Mgiriki anayeitwa au kutumwa, wala si la Mgiriki anayetenda. Sina kinyongo. Lakini Kosi waliiacha na S yake, wakaifunga kwa i ili ulimi wa Kiswahili uweze kusimama. Nadhani najua kwa nini. Wangeikata, ingebaki Ko, na kwetu "ko" si jina, ni mkia wa "yuko", "tuko", "liko". Ukisema mtume alifika Ko, msikilizaji atabaki anasubiri umalizie. Kinachonifurahisha ni kwamba kwenye Kigiriki cha mstari ule, kama kinavyochapwa siku hizi, S haimo. Luka aliandika *eis tin Ko*, kuelekea Ko, sawasawa na yule mwanamke wa kipaza sauti. Wenzetu walioleta neno kwa Kiswahili ndio waliomrudishia S yake mfukoni.

Tatizo la pili lilikuwa jinsia. Kigiriki kina dume, jike na kisichokuwa chochote, na mwanafunzi hufundishwa mapema kwamba neno linaloishia na -os kwa kawaida ni dume: *dromos*, barabara, *uranos*, mbingu, *anemos*, upepo. Basi mimi kwa kujiamini nikasema *o Kos*. Kiria akageukia mlango: "Nani huyo bwana Kos? Mkaribishe, apewe kahawa." Visiwa ni wanawake. *I Rodos, i Samos, i Hios, i Patmos, i Kalimnos*, vyote vina mkia wa kiume na vyote ni jike. Sababu ni neno la zamani la kisiwa, *nisos*, nalo lina mkia huo huo na ni jike. Majina yamefuata ngeli ya mama yao. Siku hizi mitaani kisiwa kinaitwa *nisi*, na neno hilo si dume wala jike, lakini majina hayakujali mabadiliko hayo.

Akaniuliza sisi kwetu kisiwa ni nini, bwana au bibi. Nikamwambia kwetu hakuna bwana wala bibi kwenye sarufi. Kisiwa ni kitu, kama kiti na kikombe. Lakini jina la kisiwa halifuati kitu, linafuata mahali: Unguja kuna karafuu, Kosi kunapendeza. Na mahali penyewe tunapagawanya mara tatu, pa, ku na mu, kutegemea kama unapaonyesha kwa kidole, unapataja kwa mbali, au uko ndani yake. Alifikiri kidogo, akanikabidhi sufuria la mchuzi wa jana lililoungua chini. Nadhani alidhani namtania.

Kutoka mji wa Kos kwenda Asklepieion, magofu ya hospitali ya kale yanayowaleta watalii wa Hippocrates, yule tabibu wa kale, unapita kijiji kinaitwa Platani. Siku yangu ya mapumziko nilipenda kwenda huko kwa baiskeli, kwa sababu kuna msikiti, kuna nyama choma, na kuna wazee wanaokaa nje na kahawa wakinyamaza kwa pamoja, kama wazee wa Tanga. Hao ni Waislamu wa Kos, wanaozungumza Kituruki nyumbani na Kigiriki sokoni. Waturuki wa Osmani waliuchukua kisiwa mwaka 1523 na kukaa nacho mpaka Waitalia walipokiteka mwaka 1912. Ugiriki na Uturuki zilipobadilishana raia mwaka 1923, Wakristo wakipelekwa huku na Waislamu kule, Kos haikuguswa kwa kuwa haikuwa ya Ugiriki wala ya Uturuki.

Mzee mmoja alinizoea. Aliniuliza natoka wapi, nikamwambia Tanzania, na nikaongeza kwamba huko nyumbani Biblia zetu zinawaita Wagiriki Wayunani. Akapiga goti lake kwa furaha. "Yunan! Sisi pia!" Kwa Kituruki Ugiriki ni Yunanistan. Neno hilo limetokana na Ionia, pwani ya upande wa pili wa bahari, watu wa mashariki wakaliita taifa zima kwa jina la jirani waliyemjua kwanza. Wagiriki wenyewe hawajiiti Wayunani wala Wagiriki. Nchi yao ni Elada. Sisi Waswahili tumechukua jina la mashariki kanisani na la magharibi shuleni, lao wenyewe tumeliacha mlangoni.

Mzee akaniambia, "Karibu İstanköy."

Nilidhani anataja kijiji. Nikamuuliza iko wapi. Akachora duara hewani lililokizunguka kisiwa kizima, bahari na vyote. *Köy* kwa Kituruki ni kijiji, hilo nilikuwa nimelidaka kwenye mabasi, kwa hiyo nikaamua kwamba zamani palikuwa na bwana anaitwa Istan, akawa na kijiji chake. Mzee hakuwa na maelezo bora. Yeye alizaliwa wakati wa Waitalia, na cheti chake cha kuzaliwa kimeandikwa jina jingine kabisa: Coo. Baadaye walikuja Wajerumani mwaka 1943, halafu Waingereza mwaka 1945, na Ugiriki ikakabidhiwa mwaka 1947 na kukiunganisha rasmi kisiwa mwaka 1948. "Nimeishi dola nne," alisema, "na sijawahi kuhamisha kitanda."

Mimi nilikuwa nimekwama kwenye hiyo Coo. Waitalia huitamka ko-o. Mtu aliyekulia Dar es Salaam akiona koo mwishoni mwa neno, akili inakwenda Kariakoo moja kwa moja. Na ukweli ni kwamba Kariakoo nayo ni jina lililovaa nguo za watu wengine: wapagazi wa jeshi la Waingereza wa vita vya kwanza, Carrier Corps, walipiga kambi pale, na ulimi wa mji ukalikanda jina mpaka likawa letu. Kuna jina jingine lililonichekesha zaidi. Mashujaa wa Mtakatifu Yohana, watawa wapiganaji wa Kikristo waliojenga ile ngome kubwa ya bandarini kabla ya Waturuki, wakikiita kisiwa Lango, na wengi hulieleza kwa urefu wa umbo lake. Kwa hiyo Mswahili akisoma historia ya Kos anakuta lango na koo. Hakuna Mgiriki anayeweza kuifaidi bahati hiyo.

Habari ya İstanköy alikuja kuniambia mume wa kiria, mwalimu mstaafu wa Kigiriki cha kale, mtu aliyekuja jikoni saa nne za usiku kumchukua mke wake na kuishia kula kila kilichobaki. Nilipomweleza hadithi yangu ya bwana Istan alifunga macho kama mtu aliyeumwa jino.

"Sema 'kwenda Kos' kwa Kigiriki," akaniambia.

"*Stin Ko*."

"Haraka."

"*Stin Ko*."

"Haraka kama mtu wa hapa, usipumzike katikati."

"Stingo," nikasema, na nikasikia mwenyewe kilichotokea. Ile n ya mwisho inapokutana na k inaivuta na kuilainisha, zinatoka pamoja kama ng ya ngoma. Mswahili hahitaji kushangaa. N yetu ina vurugu hizo hizo. Ulimi mmoja, ndimi nyingi. Nyumba si nrefu bali ni ndefu. N ni herufi isiyowaacha majirani wake salama.

Sasa, akasema mwalimu, weka baharia wa Venice au wa Genoa bandarini miaka mia saba iliyopita. Anamuuliza Mgiriki mwenye jahazi, unakwenda wapi? Mgiriki anajibu neno moja lisilo na pengo. Baharia hajui kwamba ndani yake kuna "kwenda", kuna alama ya jike, kisha ndipo jina. Yeye anasikia kitu kimoja, anakiandika kwenye ramani: Stancho, Stanchio. Waturuki wakalipokea hivyo hivyo, ila ulimi wao hauanzi neno kwa st, wakatanguliza i, na mkiani wakasikia kitu kinachofanana na neno lao la kijiji. İstanköy. Hakuna Istan na hakuna kijiji. Kuna "kuelekea", kuna "ile", na kuna Ko.

Na si Kos peke yake. İstanbul ni jina lililopita tundu hilo hilo: *stin Poli*, kwenda Mjini, kwa sababu kwa Mgiriki wa enzi hizo mji ulikuwa mmoja. Lemnos iliandikwa Stalimene kwenye ramani za Waitalia. Evia, kisiwa kirefu kilicho karibu na Athens, kina mlango wa bahari unaoitwa Evripos, jina ambalo midomo ya watu ililigeuza Egripos. Waitalia wakaliokota pamoja na n ya neno lililotangulia, wakaona daraja lililokuwa pale, wakaamua ni Negroponte, daraja jeusi. Halikuwa jeusi.

Nilirudi chumbani usiku ule sina usingizi. Mambo haya mimi nilikuwa nayafanya tangu utotoni bila kuyajua. Kitabu ni neno la Kiarabu ambalo ki- yake haikuwa kiambishi hata kidogo, lakini sisi tuliisikia ki, tukasema basi vikiwa vingi ni vitabu. Ndiyo *köy* ile ile. Kuna kiplefti ya barabarani, iliyotoka kwenye kibao cha Kiingereza cha kuwaambia madereva wabaki kushoto, na mji mzima leo unasema viplefti. Alhamisi na alfajiri zimebeba *al* ya Kiarabu mgongoni, kama İstanköy ilivyobeba *stin*, na hakuna Mswahili anayesikia uzito wake. Kuna na majina yetu yaliyoganda yakiwa njiani: Shimoni kule Kwale, Mikindani kule Mtwara. Hakuna anayesema anakwenda Shimo. Ile -ni ya mahali iliwahi kuwa sarufi, sasa ni jina.

Ila kuna tofauti, na tofauti hiyo naipenda. Kiswahili hakiweki kitu mbele ya jina la mji. Konda wa daladala akiulizwa na mgeni, unaenda wapi, anajibu Mbagala, na mgeni anaipata Mbagala safi, haina vumbi. Mgiriki hawezi. Lazima akupe na njia.

Niliporudi Platani nilimweleza mzee haya yote. Alisikiliza hadi mwisho, akavuta kahawa yake, akasema kwa Kituruki neno la kukaribisha watu kisiwani: *İstanköy'e hoş geldin*. Kisha akanihesabia kwa vidole. Ile -e ya mwisho ndiyo "kwa" au "kuelekea" ya Kituruki, nayo hubandikwa nyuma. Kwa hiyo yeye, kila anapomkaribisha mtu, anasema kuelekea-Ko-kuelekea, mlango mbele na mlango nyuma. "Ndiyo maana wageni hawaishi," akasema. Nikamuuliza je, akiwa anatoka hapa? Anasema *İstanköy'den*. Kutoka kuelekea Ko. Hapo hata yeye alicheka.

Mwalimu alikuwa na zawadi moja ya mwisho, na hiyo aliniletea imeandikwa kwenye karatasi ya mikate. Ni neno moja la Homer, mshairi wa kale wa Wagiriki, kutoka kitabu cha 14 cha utenzi wake wa Iliad: *Koonde*. Koos ndiyo sura ya zamani ya jina, na -de inayofuata maana yake ni kuelekea. Yaani Wagiriki wa Homer waliweza kuweka safari nyuma ya jina, kama sisi na -ni yetu, kama mzee na -e yake. Baadaye ndipo lugha yao ikaihamishia mbele. Nilimuuliza ni nani anayekwenda Kos katika habari hiyo. Herakles, yule shujaa mwana wa Zeus, akasema, anasukumwa huko na dhoruba iliyotumwa na Hera, mke wa Zeus, wakati Zeus, mungu mkuu, amebembelezwa akalala. Na anayesimulia, anayesema hilo neno lenyewe, ni Hypnos.

"Hypnos ni nani?"

"Usingizi."

Ikabidi nimweleze ya melini. Hakuwahi kuisikia, kiria alikuwa amemwambia tu kwamba nilichelewa siku moja. Herakles alifika Kos kwa sababu mungu alilala, mimi nilipitishwa Kos kwa sababu nililala mwenyewe, na Usingizi ameshatajwa kama shahidi tangu kitabu cha 14. Aliomba ruhusa aisimulie kwa marafiki zake wa kahawa, na kwa kuwa nilikuwa nimeshazoea kuchekwa, nilimpa.

Kuhusu asili ya Ko yenyewe, kabla ya mikia na milango yote hiyo, watu wa kale walisema palikuwa na mfalme Merops aliyekuwa na binti anaitwa Kos. Thucydides, mwanahistoria wa kale, anaandika Kos Meropis, Kos ya Merops. Mimi hadithi za binti wa mfalme naziogopa. Kila mji ukikosa maelezo ya jina lake huzaa binti wa mfalme, kama mimi nilivyozaa bwana Istan kwenye kiti cha mkahawa. Waingereza nao waliokuja hotelini walikuwa na Kos yao: majani marefu ya saladi huyaita *cos*, na kila msimu alikuwepo mmoja wa kuniuliza kama yanatoka pale pale. Nilikuwa nawajibu ndiyo. Yalitoka kwenye lori, na lori lilitoka melini.

Nilifanya misimu sita. Kigiriki kikanyooka, S yangu nikaizoea, na siku moja nilijikuta natamka *o Markos* nikimaanisha mimi, bila kugeuka kumtafuta mtu nyuma. Kiria alipostaafu, mimi ndiye niliyekuwa natafuta watu wa kuosha vyombo, na mtu wa kwanza niliyemleta alikuwa kijana wa Tanga, mtoto wa jirani wa mama, aliyekuwa ametua Athens wiki tatu nyuma. Sikutaka yamkute yaliyonikuta. Nilimpigia jioni ile akiwa Piraeus, mguu mmoja tayari uko melini.

"Sikiliza mdogo wangu," nilimwambia. "Kwenye tiketi imeandikwa Kos. Usiisubiri Kos. Hawataisema. Usilale, na ukisikia Ko, shuka."

"Sawa kaka. Ko."

"S haipo."

"Nimekuelewa kaka, S haipo."

Saa kumi kasoro usiku simu yangu ililia. Alikuwa ameshuka, amesimama gatini na begi lake, amemuuliza baba mmoja mwenye pikipiki hapa ni wapi, kajibiwa, na kwa uangalifu wote niliomfundisha ameandika alichosikia:

"Kaka nimefika salama Stingo. Sasa hiyo Ko ni mbali kutoka hapa?"